Kigoma na Ujiji: kuna nini cha kuona kule?

Mara nyingi ukurasa huu unazungumzia mambo ya humu ndani: posho, shule, maji, chanjo za watoto. Mwezi huu tutoke kidogo. Twende Kigoma mjini, tena siyo ile Kigoma ya ofisi na karatasi, twende kuitazama.

Najua kuna atakayecheka. Kuitazama Kigoma! Sisi wengi tuliovuka ziwa tuliiona Kigoma tumelowa, mtoto mgongoni na sufuria mkononi. Tukashushwa, tukaandikwa, tukapakiwa kwenye lori, basi. Watoto waliozaliwa hapa Nyarugusu ndiyo kabisa. Kwao Kigoma ni jina la kwenye redio, au mahali mgonjwa anapopelekwa akizidiwa. Kutoka hapa mpaka kule ni kama kilomita 150, lakini bila kibali hata kilomita 10 ni mbali.

Mimi nilipata kibali cha kumsindikiza mama mkubwa hospitali, pamoja na mjukuu wake wa miaka 14 ambaye ndiye anayemshika mkono akitembea. Daktari akasema tumrudishe baada ya siku mbili. Siku mbili hizo tungeweza kuzimaliza tumekaa barazani kwa wenyeji wetu. Mama mkubwa mwenyewe akakataa. Akasema, "Huyu mtoto hajaona ziwa hata siku moja. Mutembezeni." Kibali chetu kilisema Kigoma mjini, na Ujiji iko ndani ya manispaa hiyo hiyo, kwa hiyo hatukuvunja sheria ya mtu.

Tulianzia stesheni ya treni, kwa sababu haikosekani. Mji wote unateremka kuelekea kwake, na barabara kubwa inayoteremka, yenye miembe pembeni, inaitwa Lumumba. Kijana aliposoma kile kibao alisimama. "Mjomba, huyu Lumumba njo ule wetu?" Nikamwambia ndiyo, ni yule yule.

Stesheni yenyewe ni jengo la Wajerumani. Walianza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905 na wakafika Kigoma 1914, kama kilomita 1,250. Jengo ni zuri, imara, lina matao mbele, na ukikaa kwenye ngazi zake unaona bandari. Watu wa pale watakuambia pia kwamba kuna njia ya chini kwa chini kutoka nyumba ya zamani ya Mjerumani mpaka stesheni. Mimi sikuiona, na kila aliyenihadithia alikuwa amehadithiwa na mwingine. Lakini kuna jambo la kweli ambalo halisemwi sana: Wajerumani hawakukaa na jengo lao hata miaka mitatu. Julai 1916 askari wa Force Publique kutoka Congo, chini ya maofisa wa Kibelgiji, waliuchukua mji huu, kisha wakaendelea mpaka Tabora. Wabelgiji walikaa Kigoma mpaka 1921, na hata baada ya kuwaachia Waingereza walibaki na sehemu yao bandarini kwa ajili ya mizigo ya Congo na ya Burundi. Kwa hiyo unapoona mzee wa Kicongo amekaa kwenye zile ngazi, usifikiri yeye ni wa kwanza kufika.

Kutoka mjini mpaka Ujiji ni kama kilomita 8 hivi, unapanda daladala. Hapo ndipo wageni wote wanapopelekwa, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Ujiji ni mji wa zamani kuliko Kigoma. Burton na Speke, Wazungu wa kwanza kuandika habari zake, walifika Februari 1858, wakakuta tayari pana soko na nyumba za wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Njia ya misafara ya pembe na watumwa ilianzia hapa ikaenda Tabora, Mpwapwa, mpaka Bagamoyo baharini, zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu. Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka njia hiyo UNESCO iwekwe kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia, na Ujiji ni moja ya vituo vyake sita. Miembe ambayo bado unaiona kando ya njia, wenyeji wanasema ilipandwa zamani za misafara.

Pale kwenye kumbukumbu kuna mnara wa jiwe wenye ramani ya Afrika, na miembe. Mwembe wenyewe wa mwaka 1871 ulishakufa, iliyopo inasemekana ni ya ukoo wake. Ndani ya nyumba ya makumbusho kuna michoro, maandishi, na sanamu mbili za Wazungu wawili wanasalimiana, kofia mkononi: Dk. Livingstone na Stanley. Stanley aliandika kwamba walikutana tarehe 10 Novemba 1871. Vitu ni vichache, nawaambia mapema ili mtu asije akanilaumu. Nusu saa inatosha kuona vyote. Lakini maelezo ya mtunzaji yanaweza kuchukua saa nzima ukimpa nafasi, na hayo ndiyo yenye faida.

Kijana aliziangalia zile sanamu muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti, mbele ya watu, "Sasa bale bengine bako wapi?"

Wageni wawili waliokuwepo walicheka. Mtunzaji hakucheka. Akamwuliza, "Wengine nani?" Kijana akajibu, "Bale benye walibeba mizigo."

Ni swali zuri, na majibu yake yapo. Stanley alitoka pwani na watu karibu 200, wapagazi na askari. Livingstone alikuwa na watu wake, na wawili majina yao yanajulikana vizuri: Susi na Chuma. Susi ndiye aliyetoka mbio kumlaki Stanley kabla ya mzungu yeyote kumpa mwenzake mkono. Livingstone alipofariki mwaka 1873, kule ambako leo ni Zambia, ni hao Susi na Chuma na wenzao walioukausha mwili wake na kuubeba kwa miezi mpaka Bagamoyo. Mtunzaji alimweleza kijana hayo yote polepole, kama mwalimu.

Halafu akamwuliza: unajua mzee huyu alikuwa anatoka wapi alipofika hapa mgonjwa, hana kitu? Alikuwa anatoka kwenu. Ndugu zetu wa Maniema wanaijua Nyangwe, kwenye mto Lualaba. Julai 1871 Livingstone alikuwa pale siku ya soko, akaona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara ya utumwa wanafyatua bunduki katikati ya soko. Wengi waliokufa walikuwa wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Yeye alikadiria waliokufa labda 400. Baada ya hapo hakuweza tena kukaa na watu wale, akarudi Ujiji, akavuka ziwa kama sisi tulivyovuka. Akafika akakuta mali yake aliyotumiwa imeshauzwa. Siku chache baadaye Stanley akaingia. Yaani ile picha ya kofia mbili, nyuma yake kuna soko la Nyangwe. Kwenye vitabu vya shule tulivyosoma sisi hilo tuliruka.

Kwa wasomaji wetu Warundi: hao wawili hawakukaa Ujiji tu. Mwezi ule ule walipanda mtumbwi kwenda kaskazini mwa ziwa, kutazama kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waliona unaingia, jambo ambalo mtoto yeyote wa Uvira au Gatumba angewaambia bure. Njiani walilala Mugere, kusini ya Bujumbura, na lile jiwe kubwa lenye majina yao na tarehe 25 Novemba 1871 lipo mpaka leo. Kuna watu huko wanaosema ndipo walipokutana mara ya kwanza. Hapana, walikutana Ujiji, Mugere walipita pamoja.

Nikirudi kwa wale "wengine". Wengi wao hawakurudi kwao, walibaki Ujiji. Ukitembea kwenye mitaa ya Ujiji, yenye nyumba za Kiswahili za baraza na misikiti, utakutana na watu wanaojiita Wamanyema. Babu zao walitoka ng'ambo, Kasongo, Nyangwe na kwingineko. Baadhi walikuja wamefungwa, wengine kama wapagazi, wengine na bunduki za matajiri kama Tippu Tip. (Huyo Tippu Tip, Hamed bin Muhammed, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na ni mojawapo ya vitabu vya kwanza vya namna hiyo katika lugha yetu. Kutawala alitawala kwa mabavu, lakini kuandika aliandika.) Wamanyema hao walisambaa mpaka Tabora, mpaka Kariakoo ya Dar es Salaam, na Buyenzi kule Bujumbura. Na Kiswahili nacho kilivuka kwa njia ile ile, kutoka Ujiji kwenda Maniema na Kivu, kikawa Kingwana, kikawa hiki ambacho watu wa hapa wanatucheka tukisema "njo" na "iko".

Tulimsalimia bibi mmoja aliyekuwa anasuka ukili barazani. Mama mkubwa akajibu salamu kwa Kiswahili cha Fizi, na bibi akasimamisha kazi. "Nyie watu wa ng'ambo?" Mama mkubwa akasema ndiyo, tuko kambini. Bibi akasema, "Na sisi watu wa ng'ambo, ila tumetangulia." Akatusogezea mkeka tukae. Hakuna aliyetuuliza kibali pale. Tulikunywa maji, tukaelezwa namna ya kupaka rangi ukili, tukaondoka.

Ukipita ile barabara ya makumbusho, ukiteremka kidogo, unafika ufukweni, na mimi nasema hapo ndipo pa kwenda hata kama huna pesa ya kiingilio. Mafundi wanaunda boti za mbao, kubwa, zile zile tunazozijua. Hakuna mashine. Kuna msumeno, tezo, randa, nyundo, na macho ya fundi. Wanalaza mkuku kwanza, halafu mataruma yanasimama kama mbavu za ng'ombe, halafu mbao zinapigwa ubao kwa ubao. Nyufa zinakalafatiwa kwa pamba. Boti moja ilikuwa mifupa mitupu, nyingine imeshapakwa rangi inangoja kushushwa majini. Sijui kama kuna makumbusho yoyote yenye kitu kizuri kuliko hicho.

Mama mkubwa ni wa Ubwari. Baba yake alikuwa na boti. Alikaa juu ya gogo akaanza kumtajia mjukuu majina ya sehemu za boti kwa Kibembe, moja moja, akionyesha kwa fimbo. Kijana anaongea Kibembe cha nyumbani, cha "njoo ule" na "lete maji", lakini maneno yale hakuyajua hata moja. Angeyajulia wapi? Kambini hakuna ziwa. Alitoa daftari akaandika. Alifika neno la kumi na moja, na fundi mmoja aliyekuwa amegeuka mgongo akasema bila kugeuka, "Hapana mama, hilo ni jina la kasia, siyo la usukani." Kumbe naye mama yake ni wa kule. Wakabishana mpaka jua likaanza kushuka. Anga lilikuwa safi, milima ya Congo inaonekana ng'ambo, na kijana akauliza ipi ni ya kwetu. Bibi yake akamwonyesha kule kaskazini magharibi. Kuonekana hasa ilikuwa haionekani, lakini alinyoosha kidole bila kusita.

Jambo la mwisho kubwa ni meli, MV Liemba. Hii wengi mnaijua kwa miguu yenu.

Iliundwa Ujerumani, mji wa Papenburg, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Halafu ikafunguliwa yote, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kwa treni mpaka Kigoma, ikaungwa upya. Ilishushwa majini Februari 1915. Ilikuwa meli ya vita ziwani, na ili kupambana na Wajerumani ziwani Waingereza walileta boti mbili ndogo kutoka Uingereza kupitia Afrika Kusini, wakizipitisha nchi kavu ndani ya Congo yetu mpaka karibu na Kalemie. Julai 1916 Wajerumani wakiona wanashindwa waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, lakini mafundi wake walipaka injini mafuta mengi ya grisi kwanza. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na 1927 ikaanza safari ikiwa na jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa hili kwa watu wa kusini.

Hayo wageni wanaelezwa. Yafuatayo hayako kwenye kibao chochote nilichosoma. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, Liemba ilirudisha maelfu ya watu wetu kutoka Kigoma mpaka Uvira, safari 22 katika miezi mitano. Mwaka uliofuata vita vikaanza tena na wengi wakarudi, safari hii kwa boti walizolipia wenyewe. Mei 2015 ikaenda Kagunga, ambako Warundi zaidi ya 50,000 walikuwa wamekusanyika kwenye kijiji kidogo kati ya mlima na maji, kipindupindu kimeingia. Ikawa inawabeba kama 600 kwa safari moja kuwaleta Kigoma. Safari zake za kawaida zilikatika mwaka 2018 kwa ajili ya matengenezo. Meli ya vita ya Mjerumani, lakini mimi nikihesabu watu waliokaa juu ya sitaha yake na magodoro yao, naona ni ya kwetu zaidi kuliko ya yeye.

Kuna mengine nitapita haraka. Gombe, ile hifadhi ya sokwe ambako Jane Goodall alianza kazi Julai 1960 (alifariki Oktoba 2025), iko kaskazini, kwa boti kutoka Kibirizi. Inahitaji pesa na kibali kingine, hatukujaribu. Wazee wa Fizi wana habari nyingine ya Kigoma, ya Che Guevara aliyevuka kutoka hapo usiku wa Aprili 1965 kwenda Kibamba kupigana, akarudi Novemba bila ushindi. Mahali pa kuonyeshwa hatukupata.

Muziki utausikia kila duka. Watu wa Kigoma wanajivuna kwamba Diamond na Ali Kiba asili yao ni huku, na mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu walijikusanya wakaitwa Kigoma All Stars, wakatoa wimbo "Leka Dutigite". Jina ni la Kiha, na Mrundi yeyote hahitaji mkalimani. Kiha na Kirundi ni ndugu, kama ilivyo mwami wa kule na mwami wa huku. Siyo mbali na kambi yetu, Heru ya Kasulu, kulitawala mwanamke kabla ya uhuru, Mwami Theresa Ntare. Sisi tuna miaka karibu thelathini hapa na watoto wetu wengi hawajalisikia jina hilo. Na wanapolalamika kwamba kambini hakuna cha kuona, niwakumbushe kwamba ngoma za Warundi ziliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014, na rumba ya Congo mwaka 2021. Zote mbili zinapigwa hapa kwetu, na hakuna kiingilio.

Kwa atakayebahatika kwenda: hakikisha kibali kina jina la mji na tarehe za kutosha, na kitembee nacho, usikiache kwa wenyeji. Uliza bei ya kiingilio kabla ya kuingia, na useme wewe ni mkazi siyo mtalii wa nje. Dagaa wa Kibirizi ni wazuri, ila ukiomba mukeke hawatakuelewa, sema mgebuka. Wakati wa kurudi utapita Mwandiga, kwenye njia panda, soko la vitenge. Vingi vimevuka kutoka kwetu, na bei wanayotaja ya kwanza siyo bei.

Mama mkubwa amepata dawa, anaendelea vizuri. Lile daftari la kijana sasa lina maneno 34 ya boti na uvuvi kwa Kibembe, na wazee watatu wa zoni yetu wameanza kuyagombania. Mwenye maneno mengine, kwa Kibembe, Kifuliru, Kirundi au lugha yoyote ya ziwa, au aliyepanda Liemba mwaka 1997 au 2015 na anakumbuka jinsi ilivyokuwa, alete kwetu kabla ya tarehe 20. Asiyeandika aje tu, tutamwandikia.